Njia za Faili katika Mifumo Tofauti ya Tarakilishi: Mwongozo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Kazi ya mtafiti wa Kiswahili imehama kwa kiasi kikubwa kutoka katika daftari na kanda za kaseti na kuingia katika tarakilishi. Mahojiano hurekodiwa kwa vyombo vya dijitali, miswada ya kale hupigwa picha, na tasnifu huandikwa, husahihishwa na kuhifadhiwa zikiwa faili. Mabadiliko haya yamerahisisha mengi. Hata hivyo, yameleta pia tatizo ambalo halijadiliwi sana katika idara za lugha: faili iliyofunguka vizuri katika tarakilishi moja hukataa kufunguka katika nyingine, ilhali haikufutwa wala haikuharibika. Kilichoharibika ni njia ya kuifikia.

Chukua mfano wa mtafiti aliyekusanya ngano huko Lamu. Amezipanga rekodi zake katika tarakilishi yenye mfumo endeshi wa Windows, kwenye diski ya D. Ameandaa ukurasa mmoja wa yaliyomo wenye majina ya ngano zote, na kila jina ni kiungo kinachofungua rekodi yake. Katika tarakilishi yake kila kiungo kinafanya kazi. Anainakili folda nzima kwenye flashi na kumkabidhi msimamizi wake. Msimamizi anaifungua katika tarakilishi ya Linux, na hakuna hata ngano moja inayosikika. Kiungo cha ngano ya kwanza kimeandikwa hivi:

file://D:\Tasnifu\Sauti za Lamu\Sungura na Fisi.mp3

Folda yenyewe inaitwa "sauti za Lamu", kwa herufi s ndogo. Anwani hii fupi ina kasoro tano. Makala haya yanadhamiria kueleza kila kasoro, chanzo chake na dawa yake. Aidha, yatagusia masuala mawili yanayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko wengine, yaani ritifaa katika maneno kama "ng'ombe", na majina ya faili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Istilahi

Ni vyema kuafikiana kuhusu maneno machache kabla ya kuendelea. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kuwa Kiswahili kinaweza kubeba shughuli za tarakilishi bila kuyumba. Katika makala haya, "mfumo endeshi" ni programu kuu inayosimamia tarakilishi, kama vile Windows, Linux au macOS. "Folda" ni mahali pa kuwekea faili. "Njia" ni mfuatano wa majina ya folda unaoelekeza mahali faili ilipo. "Anwani", au URL kwa ufupisho wa kimataifa, ni njia hiyo ikiwa imeandikwa kwa kanuni zinazoeleweka na kila kivinjari. "Mkwaju" ni alama (/), na "mkwaju wa nyuma" ni alama (\).

Tofauti kati ya njia na anwani ndiyo kiini cha mjadala huu. Njia huandikwa kwa desturi za mfumo endeshi husika, kama vile kila lahaja ilivyo na matamshi yake. Anwani nayo huandikwa kwa sarufi moja kila mahali, mithili ya lugha sanifu. Mtu anayechukua njia ya Windows na kuitanguliza kwa neno "file" anachanganya lahaja na usanifu katika sentensi moja.

Sarufi ya anwani na mkwaju wa tatu

Kanuni za anwani za faili ziliwekwa katika waraka uitwao RFC 1738 wa Desemba 1994, ambao Tim Berners-Lee, mwasisi wa Wavuti, alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Kanuni za jumla za anwani zilirekebishwa mwaka 2005 katika RFC 3986, na zile za faili zikapata waraka wao maalumu, RFC 8089, mwezi Februari 2017.

Kwa mujibu wa nyaraka hizi, anwani ya faili ina sehemu tatu. Ya kwanza ni aina ya anwani, nayo ni neno "file" likifuatwa na nukta mbili. Ya pili ni jina la tarakilishi inayohifadhi faili, nalo hutanguliwa na mikwaju miwili. Ya tatu ni njia, ambayo huanza kwa mkwaju wake yenyewe. Iwapo faili imo katika tarakilishi ileile anayotumia msomaji, sehemu ya pili huachwa tupu. Mikwaju miwili ya jina hubaki ingawa jina halipo, kisha hufuata mkwaju wa njia. Hiyo ndiyo sababu ya mikwaju mitatu inayowatatiza wengi:

Linux: file:///home/amina/tasnifu/yaliyomo.htm
macOS: file:///Users/amina/tasnifu/yaliyomo.htm
Windows: file:///D:/tasnifu/yaliyomo.htm

Kasoro ya kwanza katika anwani ya mtafiti wetu sasa inaonekana wazi. Aliandika mikwaju miwili tu kabla ya D. Kwa kufuata sarufi, mahali hapo ni pa jina la tarakilishi. Basi "D" inasomwa kana kwamba ni tarakilishi nyingine katika mtandao, na nukta mbili zinazoifuata zinasomwa kama utangulizi wa namba ya mlango wa kuingilia. Vivinjari vya Windows huitambua kasoro hii na kuirekebisha kimyakimya. Huo ni wema wenye madhara, kwa kuwa mwandishi hapati kujua kwamba amekosea.

Mikwaju miwili ina nafasi yake halali. Ikiwa faili imo katika seva ya idara iitwayo "maktaba", Windows huandika njia yake kwa mikwaju miwili ya nyuma, yaani \\maktaba\tasnifu\yaliyomo.htm. Anwani yake sahihi ni file://maktaba/tasnifu/yaliyomo.htm. Hapa jina la tarakilishi lipo, na kwa hivyo mkwaju wa tatu unakuja baada yake. Inafaa kukumbuka pia kwamba RFC 8089 inaruhusu umbo lenye mkwaju mmoja, file:/D:/tasnifu/yaliyomo.htm, ambalo hutolewa na baadhi ya programu za lugha ya Java. Msomaji akikutana nalo asidhani kuwa ni kosa.

Mwaka 2009, Berners-Lee mwenyewe alikiri kwamba ile mikwaju miwili katika anwani za Wavuti haikuwa na haja. Hata hivyo, kanuni ikishaenea haibadilishwi kwa urahisi, na wanaisimu wanalijua hilo vyema.

Asili ya mikwaju miwili inayoelekea kinyume

Kasoro ya pili ni mkwaju wa nyuma. Ili kuielewa, sharti kurejelea historia. Mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao, hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju wa kawaida. Linux na macOS zimerithi desturi hiyo, na kanuni za anwani za intaneti zikaifuata.

Mfumo wa MS-DOS, mzazi wa Windows, ulipotoka mwaka 1981 haukuwa na folda za ndani. Mkwaju ulikuwa tayari na kazi nyingine: ulitanguliza maelekezo ya ziada ya amri, kama katika amri ya DIR /W. Folda zilipoletwa katika toleo la 2.0 mwaka 1983, mkwaju haungeweza kufanya kazi mbili bila utata, na hivyo mkwaju wa nyuma ukachaguliwa. Tarakilishi za Macintosh, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zilichagua alama ya tatu, yaani nukta mbili, hadi Mac OS X ilipokuja mwaka 2001 ikiwa na misingi ya Unix.

Kwa hivyo mkwaju wa nyuma ni alama ya njia za Windows, wala si alama ya anwani. Vivinjari vingi vya leo huugeuza na kuufanya mkwaju wa kawaida, lakini programu nyingine nyingi hazifanyi hivyo. Katika Linux hali ni mbaya zaidi, maana mkwaju wa nyuma unaweza kuwa sehemu ya jina la faili. Programu inayopokea "sauti\sungura.mp3" huenda ikatafuta faili moja yenye jina hilo lote, badala ya faili iliyomo ndani ya folda ya "sauti". Kanuni ni rahisi: katika anwani, mkwaju wa kawaida ndio unaotumika katika mifumo yote, Windows ikiwemo.

Nafasi na alama zenye kazi

Kasoro ya tatu ni nafasi kati ya maneno. Mifumo endeshi huruhusu nafasi katika majina ya faili. Sarufi ya anwani hairuhusu. Programu ya baruapepe inapokutana na anwani yenye nafasi, aghalabu huikata hapo, na kiungo kikaishia kwenye neno "Sauti". Dawa yake ni usimbaji wa asilimia: alama isiyoruhusiwa hubadilishwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Nafasi huwa %20. Hivyo, "sauti za Lamu" huandikwa sauti%20za%20Lamu.

Zipo alama nyingine ambazo hazikatazwi tu, bali zina maana maalumu. Alama ya reli (#) hutenganisha anwani ya ukurasa na sehemu iliyo ndani ya ukurasa huo. Faili ikiitwa "shairi#3.htm" na anwani ikaandikwa vivyo hivyo, kivinjari kitatafuta faili iitwayo "shairi" na kudhani kuwa "3.htm" ni sehemu ndani yake. Ni lazima reli iandikwe %23. Alama ya kuuliza huanzisha sehemu ya maswali, na huandikwa %3F. Alama ya asilimia yenyewe huandikwa %25, kwa kuwa ndiyo inayotangaza usimbaji.

Mkusanyaji wa vitendawili anaweza kushawishika kuipa faili jina lenye alama ya kuuliza, na mwandishi wa tasnifu akaita faili yake "Sura ya 1: Utangulizi". Linux itayakubali majina yote mawili. Windows itayakataa, kwani inakataza alama tisa katika majina: < > : " / \ | ? na *. Faili zenye majina kama hayo zinaweza kushindwa kunakiliwa kabisa zinapopelekwa Windows, na mwenyewe asigundue hadi siku ya kuzihitaji.

Ritifaa na Kiswahili

Lugha nyingi zinaweza kuepuka ritifaa katika majina ya faili bila kupoteza chochote. Kiswahili hakina anasa hiyo, kwani ritifaa ndiyo inayotofautisha sauti ya ng' na ile ya ng. Jina la "Ng'ombe na Mkulima" likiondolewa ritifaa linabaki na kosa la tahajia.

Ritifaa ya kawaida, ile iliyonyooka, haikatazwi katika anwani, na ikisimbwa huwa %27. Tatizo lake la kwanza ni kwamba kurasa za Wavuti huweza kuzungushia anwani alama moja za kunukuu zinazofanana nayo kabisa. Kivinjari kikisoma 'sauti/ng'ombe.mp3', kitadhani anwani imekwisha baada ya "ng".

Tatizo la pili ni la siri zaidi. Programu za kuandikia hati zina tabia ya kuibadilisha ritifaa iliyonyooka na kuifanya iliyopinda. Mwandishi anayeipa faili jina moja kwa moja katika folda anapata ritifaa iliyonyooka. Akiandika jina lilelile ndani ya hati yake, anapata iliyopinda. Kwa jicho la msomaji maneno hayo mawili ni mamoja. Kwa tarakilishi ni majina tofauti, maana ritifaa iliyopinda husimbwa kwa baiti tatu, %E2%80%99. Isitoshe, programu za zamani za Windows zilizotumia usimbaji wa Ulaya ya Magharibi huiandika %92, umbo ambalo mifumo inayotarajia UTF-8 haiwezi kulifasiri. Mtu anaweza kuikagua anwani kama hiyo mara kumi asione kasoro yoyote.

Suluhisho ni kutenganisha jina la faili na anwani ya ngano. Faili inaweza kuitwa ngombe-na-mkulima.mp3, na anwani sahihi yenye tahajia kamili ikaonekana kwa msomaji katika ukurasa wa yaliyomo. Jina la faili ni kitambulisho cha mashine. Anwani ya kazi ya fasihi huandikwa mahali inaposomwa na watu.

Hati za Kiarabu

Wanaoshughulikia miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hukabiliwa na suala jingine. RFC 3986 inapendekeza kwamba herufi zisizo za Kirumi zisimbwe kwa UTF-8 katika mifumo mipya ya anwani. Kila herufi ya Kiarabu hutoa baiti mbili, na kila baiti huwa alama tatu katika anwani. Herufi be, kwa mfano, huwa %D8%A8. Jina la maneno manne linaweza kugeuka kuwa mstari mrefu usiosomeka; hilo si kosa.

Tatizo halisi ni kwamba baadhi ya herufi zina maumbo mawili ya ndani. Alifu yenye hamza juu yake inaweza kuhifadhiwa ikiwa herufi moja, %D8%A3, au ikiwa alifu ikifuatwa na hamza, %D8%A7%D9%94. Zote huonekana sawa kwenye kioo. Mfumo wa zamani wa faili wa Macintosh, HFS+, uliyatenganisha maumbo hayo daima, ilhali Windows na Linux huhifadhi jina kama lilivyoandikwa. Mfumo wa APFS, ulioletwa katika tarakilishi za Macintosh mwaka 2017, huhifadhi umbo lililoandikwa na kuyachukulia maumbo hayo mawili kuwa jina moja. Linux kwa kawaida huyaona kuwa majina mawili. Mswada uliopigwa picha na kupewa jina katika Macintosh ya zamani unaweza basi kuonekana katika orodha ya Linux, na bado kiungo chake kikashindwa kufunguka.

Herufi kubwa na ndogo

Kasoro ya nne ni "Sauti" badala ya "sauti". Windows na macOS, zikiachwa katika hali ya kawaida, hukumbuka ukubwa wa herufi lakini hazitofautishi majina kwa kigezo hicho. Linux hutofautisha. Kwake, "Sauti" na "sauti" ni folda mbili zinazoweza kukaa bega kwa bega. Kwa kuwa seva nyingi za intaneti huendeshwa kwa Linux, kasoro hii hujitokeza pale kazi inapopandishwa kwenye tovuti, baada ya kuonekana kamili katika tarakilishi ya mwandishi. Njia ya kuiepuka ni kutumia herufi ndogo pekee katika majina yote.

Njia kamili na njia husishi

Kasoro ya tano, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuanza na D. Hata kama kasoro nyingine nne zingesahihishwa, anwani ingekuwa file:///D:/Tasnifu/sauti%20za%20Lamu/Sungura%20na%20Fisi.mp3, na bado isingefunguka kwa msimamizi, kwani Linux haina diski ya D. Hata katika tarakilishi nyingine ya Windows, flashi ingeweza kupewa herufi ya E au F.

Wahenga walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Katika suala hili njia fupi ndiyo yenye ukweli unaodumu. Njia husishi haianzi kwenye mzizi wa diski. Huanza pale ulipo ukurasa wenye kiungo. Ikiwa ukurasa wa yaliyomo umo katika folda ya tasnifu pamoja na folda ya sauti, kiungo kinachotosha ni hiki:

sauti/sungura-na-fisi.mp3

Nukta mbili zilizoandikwa sambamba na kufuatwa na mkwaju humaanisha kupanda hadi folda iliyo juu. Ukurasa uliomo katika folda ya sura unaweza hivyo kuifikia picha kwa kuandika ../picha/lamu.jpg. Sharti lake ni moja: folda nzima ihamishwe pamoja bila kuvuruga mpangilio wa ndani.

Njia husishi ina faida nyingine mbili. Kwanza, hufanya kazi katika flashi, katika seva ya idara na katika tovuti bila kubadilishwa. Anwani za "file" hazina uwezo huo. Vivinjari vya leo, kwa sababu za kiusalama, hukataa kuzifuata kutoka katika ukurasa wa tovuti. Pili, njia kamili hufichua jina la mwenye tarakilishi na mpangilio wa folda zake. Mtafiti aliyeahidi kuficha majina ya wasailiwa wake, kisha akaziita folda zake kwa majina yao, huenda akayaanika ndani ya kiungo.

Kwa wanaoandika programu

Wanafunzi wanaounda kongoo na kamusi za dijitali wanashauriwa wasiunganishe vipande vya anwani kwa mikono yao. Lugha za programu zina nyenzo za kazi hiyo. Katika Python, maktaba ya pathlib, iliyokuja na toleo la 3.4 mwaka 2014, ina amri ya as_uri inayogeuza njia kamili kuwa anwani sahihi ya mfumo husika. Java ina toURI kwa shughuli hiyohiyo. Nyenzo hizi huweka mkwaju wa tatu, hugeuza mikwaju ya nyuma na kusimba nafasi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupotea kwa faili si lazima kuwe kufutwa kwake. Kanuni zinazotosheleza mahitaji ya watafiti wengi ni tano: majina yaandikwe kwa herufi ndogo za Kirumi na tarakimu, kistari kitumike badala ya nafasi, ritifaa na alama nyingine zibaki ndani ya hati, mkwaju wa kawaida utumike daima, na viungo viwe vya njia husishi. Kabla ya kazi kukabidhiwa, ifunguliwe angalau katika tarakilishi mbili zenye mifumo tofauti.

Idara za Kiswahili hufunza namna ya kuhoji, kurekodi na kunukuu matini. Inapendekezwa kwamba somo la mbinu za utafiti litenge angalau kipindi kimoja kwa majina na njia za faili. Msimulizi aliyerekodiwa leo huenda asipatikane tena kwa mahojiano ya pili. Ikiwa sauti yake imehifadhiwa mahali ambapo hakuna kiungo kinachofika, mtafiti ajaye hatakuwa na namna ya kujua kwamba iliwahi kurekodiwa.